Jua Jekundu la Chinyelele

Miaka ile watu walipoanza kuruhusiwa kufungua biashara zao wenyewe, hakuna fundi wa brashi aliyelala njaa Dodoma. Kabla ya hapo Bartolomayo Mazengo alikuwa akiandika maneno yale yale mwaka hadi mwaka: Duka la Ushirika, Ofisi ya Kata, Zahanati, Usikojoe Hapa. Mara wakaja wenye vibanda vya kunyolea, wenye mabucha, wenye mashine za kusaga, mawakala wa soda na sabuni, na kila mmoja alitaka jina lake lisomeke na mtu aliye ndani ya basi linalokimbia. Kibanda chake cha mabati pale Kizota, kilichogawana ukuta na karakana ya Khamisi mchomeleaji, kikawa hakikauki watu.

Naye hakuwa mchoraji wa kubahatisha. Alisoma masomo ya jioni pale mtaa wa Kikuyu akiwa mtu mzima mwenye ndevu, akafaulu, kisha akachukua kozi ya uchoraji kwa njia ya posta. Masomo ishirini na manne, miaka miwili, akichora mezani kwake na kupeleka kazi posta, nazo zikirudi na maandishi ya kalamu nyekundu ya mwalimu ambaye hakupata kumwona uso. Cheti alikitia kioo akakitundika juu ya makopo ya rangi. Mteja aliyeingia akisema anataka picha alisahihishwa kwanza. "Picha ni ya ukutani nyumbani kwako," Bartolomayo alimwambia. "Wewe unataka utambulisho. Kitu ambacho mtu akikiona kwenye bango, kwenye barua, kwenye muhuri, anajua ni wewe kabla hajasoma."

Novemba ya mwaka tisini na tatu dada yake Paulina alikuja Kizota kwa miguu kutoka Chinyelele, kijiji kilichoko mbele ya Msalato. Aliingia akiwa na vumbi mpaka magotini na kipande cha boksi la sabuni mkononi.

"Mgogo, umepata mgeni," Khamisi akapaza sauti kutoka upande wa pili. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na utani ulikuwa haki yake. "Angalia asikuombe na hayo mabati. Nyie hata mvua mnaiomba, wenzenu inawajia yenyewe."

"Mbeba mizigo wewe, chomelea chuma chako," Bartolomayo akajibu. Kisha akasimama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nipe maji kwanza. Halafu nina kazi yako."

Paulina alimzidi miaka minne. Baba yao alikuwa na uwezo wa kumpeleka shule mtoto mmoja tu. Mwingine ilibidi abaki achote maji korongoni na kufuata mbuzi. Paulina alikuwa darasa la pili, ameshajua kusoma, ndipo Bartolomayo alipofikia umri wa kuanza shule. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, "Aende huyu. Mimi mikono imeshazoea ndoo." Jambo hilo halikutajwa tena katika ukoo wao, lakini Bartolomayo hakuwahi kuandika jina lake juu ya karatasi asilikumbuke.

Sasa Paulina alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Wanawake thelathini na wawili walikuwa wamepanda mikwaju, miarobaini na migunga kuzunguka uwanja wa kijiji, na mwaka uliotangulia, katika miche sitini, hamsini na minne ilivuka kiangazi. Bwana miti wa mradi mmoja wa mjini alipofika kuhesabu hakuamini macho yake. Mradi ule ulikuwa umeahidi kuchimba kisima cha pampu katika kijiji kimoja tu, kile ambacho kikundi chake kingefikisha miche mia nne hai hadi mwezi wa sita. Chinyelele hawakuwa na kisima. Walikuwa na korongo, mchanga, na mashimo ambayo kila kiangazi yalizidi kwenda chini hata mwanamke akawa anaingia ndani mzima na kupokezana kata na mwenzake aliye juu.

"Wanasema kila kikundi kiwe na nembo," Paulina alisema. "Ya bango, na fulana, na muhuri. Nikawaambia nembo si tatizo, nina ndugu. Hii hapa, tumechora wenyewe."

Alimpa kipande cha boksi. Kilichorwa kwa mkaa. Palikuwa na chungu chenye ufa, kimefukiwa ardhini hadi shingoni, na kando yake mche wenye majani manne. Juu ya vyote hivyo walikuwa wamesugua mkaa kwa kiganja mpaka pakawa peusi tii.

"Hili doa ni nini?"

"Wingu."

"Na chungu kibovu?"

"Ndiyo kazi yetu yenyewe hiyo," Paulina akasema, na uso wake ukachangamka. "Mwanamke chungu chake kikipasuka hakitupi. Anakileta, tunakifukia kando ya mche, tunakijaza. Maji yanatoka kidogo kidogo kwenye ufa, yanakwenda kwenye mizizi, jua haliyaoni. Chungu kimoja siku tano. Kila mche una chungu cha mtu. Huu wa Anyesi, huu wangu, huu wa Priska. Ukienda kutazama mche unatazama chungu chako."

Bartolomayo alikigeuza kile kipande akakitazama kichwa chini, miguu juu, kama alivyofundishwa kwenye somo la tisa ili kupima uwiano. Hakukuwa na uwiano.

"Dada, mnakwenda mbele za watu na chungu kilichopasuka? Wageni wataona nini? Watasema hawa ni mafukara, hata chungu hawana."

"Si ndio ukweli, hatuna," Paulina akacheka.

"Niachie. Nitakufanyieni kitu ambacho hata mjini hakipo."

Kwa wiki mbili alifanya kazi ile kabla ya kazi zote za watu. Alichora mti mkubwa wenye kichwa cha mviringo, umebebwa na viganja viwili vya mikono. Nyuma ya mti akaweka jua linalochomoza, kubwa, jekundu la damu ya mzee, na miali ikienea hadi kwenye ukingo wa duara. Chini yake, kwa herufi alizozipima kwa rula, UWAMICHI, kwa maana ya Umoja wa Wanawake wa Kupanda Miti Chinyelele. Ile nyekundu ndiyo iliyobeba kila kitu. Alipojaribu kuitoa, mti ulilala. Alipoirudisha, mti ulisimama ukamjia mtu machoni. Alijua, kama mpishi anavyojua chumvi, kwamba hajapata kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Bwana miti, kijana wa Bukoba aliyeitwa Erick, alipita Kizota akiwa na pikipiki ya mradi. Alivua kofia yake ngumu, akasimama mbele ya ubao.

"Mzee, hii logo umechora wewe? Peke yako?"

"Nani mwingine."

"Nimesoma Morogoro, nimekaa na wataalamu. Sijaona hii. Hii wakiiona wakubwa, vikundi vingine vyote vitaletwa kwako."

Bartolomayo alisema ahsante kwa sauti ndogo, akajishughulisha na kuosha brashi ambayo tayari ilikuwa safi.

Walikwenda Chinyelele pamoja siku iliyofuata, Bartolomayo amekaa nyuma ya pikipiki, ubao umefungwa kwa kanga mgongoni mwake. Wanawake walikuwa wamekusanyika kitaluni, shamba lao la miche lililozungushiwa ua wa miiba. Ilikuwa mwisho wa Novemba, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki na kutawanyika, na kila mtu alikuwa akizungumza huku jicho moja likiwa juu. Bartolomayo alifungua kanga akauinua ubao.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtoto mgongoni mwa mtu alipiga chafya, na kila mtu akaisikia.

Anyesi, bibi aliyekuwa amejifunga kaniki yake nyeusi tangu wiki mbili nyuma, kama walivyofanya wanawake wa rika lake kila waliposubiri mvua, aliutazama ubao kidogo tu. Kisha akageuka akaupa mgongo, polepole, kama mtu anayemkinga mtoto na upepo.

"Kuna nini?" Erick aliuliza.

Paulina alimsogelea ndugu yake. "Mti ni mzuri," alisema. "Mikono mizuri. Ila hilo jua, baba, litoe. Tia hata rangi ya majivu. Litoe tu."

"Kwa nini?"

"Bartolomayo." Alilitamka jina zima. "Jua jekundu, mwezi huu? Tulisimamishe hapa njiani, mvua ilione?"

"Mama ana maana gani?" Erick akamgeukia Bartolomayo. Hakuwa anacheka, alitaka kweli kujua. "Nyekundu ina shida gani hapa kwenu, mzee? Ni mila?"

Bartolomayo alijua shida yake. Hakuna Mgogo aliyenyonya maziwa ya mama yake asiyeijua. Mvua ni nyeusi. Kondoo wa kuombea mvua ni mweusi, nguo ni nyeusi, na katika siku hizo chekundu hakipiti njiani, awe ng'ombe, liwe shuka. Mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa na miaka saba, alivaa sweta jekundu alilopewa na wamisionari, na mama yake alimvua mbele ya watu kwa nguvu hata kifungo kikakatika. Paulina ndiye aliyetumwa kwenda kulichimbia nyuma ya zizi. Bartolomayo alililia sweta lile siku tatu.

Yote hayo yalimpitia. Akamwona Erick amesimama na kofia kwapani, kijana msomi aliyemweka juu ya wataalamu jana yake tu. Akaona atakavyoonekana, yeye na cheti chake cha kioo, akisema ndiyo, bwana, kwetu tunaogopa rangi.

"Mimi nimezaliwa hapa," alisema. "Hilo sijapata kulisikia. Ni maneno ya wazee tu. Jua ni uhai. Mmea gani unaota bila jua? Mambo kama haya ndiyo yanayoturudisha nyuma."

Aliyasema kwa Kiswahili kizuri, kilichonyooka, na kila mwanamke pale aliyaelewa.

Paulina alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anayejaribu kukumbuka aliweka wapi kitu. Wenzake walimsubiri, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti na yeye ndiye aliyesema ana ndugu. Kama angesema neno moja la kukataa, ndugu yake angekuwa mwongo mbele ya mgeni.

"Basi," alisema mwishowe. "Ndugu yangu amesema. Liwekwe."

Khamisi alichomelea nguzo. Bango lilisimamishwa palipokutana njia ya korongoni na njia ya kitaluni, mahali ambapo kila mwenye ndoo lazima apite. Fulana thelathini na mbili zilichapwa, jua kifuani. Muhuri ulikatwa. Siku ya uzinduzi wakaja wageni na magari mawili, wakapiga picha bango kutoka pande zote, na mgeni mmoja akamshika Bartolomayo mkono akauliza amesomea wapi. Alijibu, "Kwa posta," na wakacheka wote kwa furaha, naye akacheka. Hakuuliza kwa nini wanawake walikuwa wamevaa nguo zao za kawaida, na fulana zimekaa zimekunjwa kwenye boksi chini ya meza.

Miche mia nne na ishirini ilipandwa kitaluni wiki ya kwanza ya Desemba, na kila mmoja ukapewa chungu chake kibovu. Mvua ilinyesha siku nne. Kisha ikakoma.

Kiangazi cha katikati ya msimu wa mvua si jambo geni Dodoma. Kila mwaka mbingu hufunga kidogo, watu hulalamika, hufungua. Lakini mwaka huo Krismasi ilipita, mwaka mpya ukaingia, Januari ikaisha, uwele ukajikunja mashambani kama karatasi iliyokaribia moto. Kizota kazi ilikuwa nyingi. Bartolomayo alipata bucha mbili na kampuni ya mabasi. Alipowaza Chinyelele, alijiambia kwamba vyungu vipo, hata mvua ikichelewa vyungu vitafanya kazi, ndiyo maana yake.

Katikati ya Februari Erick alisimamisha pikipiki mlangoni, na safari hiyo hakuvua kofia.

"Mzee, wanawake wako wamegoma?"

"Wamegoma nini?"

"Nimekuta vyungu vikavu. Mstari mzima, vikavu. Nawauliza, kila mmoja anasema kesho. Nenda kaongee nao, mimi hawaniambii kitu."

Bartolomayo alichukua baiskeli. Ilikuwa saa tano asubuhi alipofika, na jua la kweli lilikuwa limekaza kuliko lile la bango. Njia ya korongoni, pale chini ya nguzo, ilikuwa imeota magugu membamba makavu. Hapakuwa na unyayo ila wa mtu mmoja. Hatua mia mbili upande wa kushoto, kupitia kwenye miiba, palikuwa na njia mpya, nyembamba, iliyopondwa vizuri na miguu ya watu wengi, ikizunguka bango kwa mbali na kuelekea moja kwa moja majumbani. Haikufika kitaluni. Kufika kitaluni ilibidi upite chini ya jua.

Mtu mmoja tu alikuwa kitaluni. Paulina alikuwa amepiga magoti akimimina maji kwa kikombe cha bati kwenye mdomo wa chungu, kikombe kimoja, kisha anasogea kwa magoti kwenye chungu kingine. Ndoo yake ilikuwa nusu.

"Shikamoo, dada. Wenzio wako wapi?"

"Marahaba. Wapo."

"Wapo wapi?"

"Kila mtu ana lake. Huyu ana mgonjwa. Huyu mbuzi wake wamepotea." Alimimina kikombe kingine. "Mbuzi wa Chinyelele wana mwezi mzima wanapotea."

"Ni kwa sababu ya bango?"

Paulina alimaliza mstari kwanza. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mabega yake, ambayo Bartolomayo aliyajua tangu alipobebwa juu yake, yalikuwa yamechongoka ndani ya kanga.

"Hawajasema bango," alisema. "Nani atanena mbele yangu kwamba ndugu yangu ameifunga mvua? Wananiheshimu. Wanapita kule tu. Na mimi siwezi kuwaambia piteni hapa, kwa sababu na mimi nikipita hapa moyo wangu hautulii. Ila mimi napita. Mimi ndiye niliyesema liwekwe."

"Unachota ndoo ngapi?"

"Nane kwa siku. Kumi nikiweza."

Bartolomayo alipiga hesabu kichwani akaona haiendi popote. "Nitalifuta," alisema. "Nina rangi nyeusi kwenye mkoba, sasa hivi nalifuta, litakuwa wingu kama mlivyotaka."

Paulina alikaa chini kwenye mchanga. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Bartolomayo, rangi sijakuomba. Rangi niliomba ile siku. Leo nataka uwaite wale wanawake, waje wote, na Erick awepo, useme ulikuwa unajua. Basi. Useme, nilijua, nikaona haya. Ukisema hivyo wewe mwenyewe, watalitoa kwa mikono yao, na watapita, mvua iwepo isiwepo. Wanawake hawa si wajinga. Wanajua mvua ni ya Mungu. Kinachowauma ni kwamba uliwaita wajinga, na wewe ni wao."

Alisimama pale akiwa ameshika usukani wa baiskeli. Maneno yalikuwa machache na mepesi. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuyatamka. Akawaza Erick akisikiliza. Akawaza habari ikifika mjini, ikifika kwa yule mgeni aliyemshika mkono.

"Haitasaidia kitu, dada," alisema. "Ngoja nilifute."

Alipanda kwenye ngazi ya miti adhuhuri ile akalifunika jua kwa rangi nyeusi, mipako miwili. Wanawake walitoka wakasimama kwenye milango ya matembe yao wakitazama kwa mbali, mikono imekunjwa. Hakuna aliyesogea. Aliposhuka na kuanza kusukuma baiskeli alipishana na Anyesi anatoka kuokota kuni.

"Mbukwa, bibi," akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa." Bibi akalitazama bango. "Umelifunika. Hujalitoa." Akapita kwa njia ya miibani.

Mvua ilirudi wiki ya pili ya Machi, nayo ilinyesha kama iliyokuwa imekasirishwa, ikabomoa matuta na kuondoka na mbegu. Miche haikuwa na haja nayo tena. Erick alipokuja kuhesabu mwezi wa sita alikuta sitini na mmoja hai, na yote ilikuwa kwenye mistari mitatu iliyo karibu na mlango, ile ambayo mtu mmoja mwenye ndoo angeweza kuifikia. Kisima kilikwenda kijiji kingine.

"Pole sana, mama," alimwambia Paulina akifunga daftari. "Na nembo yenu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote."

Hakuna aliyemwondoa Paulina kwenye kiti. Mkutano uliitishwa, wakaja watano. Ukaitishwa tena, akaja Priska peke yake, naye alikuja kuomba chumvi. Paulina akaufunga muhuri kwenye kitambaa akaupeleka ofisi ya kijiji, akawaambia wautunze mpaka atakapopatikana mtu.

Bartolomayo alisikia yote hayo kwa vipande, na kila kipande alikipa sababu yake. Ukame, elimu ndogo, mradi wenyewe ulikuwa na haraka. Alimweleza Khamisi sababu hizo moja baada ya nyingine. Khamisi alisikiliza akiwa na miwani yake myeusi ya kuchomelea juu ya paji la uso, na safari hiyo hakutania.

"Sisi kwetu," alisema, "mtu akikanyaga mguu wa mwenzake anasema samahani. Haelezi ukubwa wa kiatu."

Ilikuwa Julai Bartolomayo alipopanda baiskeli tena. Watu walikuwa wanapura kidogo kilichopatikana. Alimkuta dada yake uani akipepeta uwele, akamwambia akiwa bado amesimama, asije akabadili nia akikaa.

"Nilijua, dada. Ile siku. Nilijua kila kitu."

Paulina aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka yakawaangukia wote wawili. "Mimi nilijua kwamba unajua," alisema. "Mimi hukunidanganya. Waambie wao."

"Waite basi, niwaambie."

"Niwaite kama nani, Bartolomayo? Kikundi hakipo."

Kwa hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba, siku nzima, na siku iliyofuata. Aliingia kila ua, akaamkia wakubwa na kuamkiwa na wadogo, akasema maneno yale. Wengine walimpa kigoda. Wengine walimsikiliza wakiendelea na kazi, wakasema haya, tumesikia, yamepita. Priska alilia, na hakusema analilia nini. Wa mwisho alikuwa Anyesi. Alimkuta amekaa kivulini mwa ukuta wa tembe akichambua mlenda, bado na kaniki yake.

Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yule mgeni, kijana wa pikipiki, umemwambia?"

"Amehamishwa, bibi. Mradi umefungwa, amekwenda Mtwara, wengine wanasema Lindi."

"Basi amekwenda nayo." Anyesi alitupa bua pembeni. "Huko aliko anawaambia watu, Chinyelele tulishindwa, watu wake wanaogopa rangi. Akiulizwa umejuaje, anasema ndugu yao mwenyewe, msomi, alinithibitishia. Sisi umetuambia leo, lakini sisi hatukuwa na haja ya kuambiwa. Tulikuwepo."

Bartolomayo aliandika barua. Aliiandika mara tatu, kwa mwandiko wake bora, akaieleza siku ile yote bila kujipunguzia, na sweta jekundu akaliweka humo. Nakala moja aliipeleka Mtwara, nyingine Lindi, ya tatu Wizarani, kwa bwana miti Erick, popote alipo. Kwa miaka miwili aliuliza posta kila Ijumaa, mpaka karani wa dirisha la tatu akawa anatikisa kichwa kabla hajafika. Aliendelea kuchora mabango ya mabucha na ya mabasi. Kazi ya nembo akiletewa, aliwaelekeza watu kwa vijana waliofungua vibanda karibu na stendi.

Jumapili nyingi alikwenda Chinyelele baada ya ibada. Mwanzoni Paulina alikuwa akimwuliza kama amejibiwa. Baadaye aliacha kuuliza. Akimwona anafika alitenga ugali na mlenda kama siku zote, akamsogezea bakuli la kunawia, akamwambia anawe upesi, na yeye atanawa humo humo, maji yenyewe ni hayo tu.